Mashine Haikeshi: Mwongozo wa Kuchagua Njia ya Kumsaidia Mtoto Mchanga Kupumua

Chukulia mtoto aliyezaliwa Likoni saa nne za usiku, wiki nane kabla ya siku zake, gramu 1,400. Anapumua mara 74 kwa dakika. Kila anapovuta hewa mbavu zinabonyea, na kila anapoitoa anaguna, sauti ndogo kama ya bawaba iliyokosa mafuta. Nasari ina konsentreta moja ya oksijeni, seti moja ya CPAP ya mapovu, mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono, na muuguzi mmoja wa zamu mwenye watoto wengine 11. Ng'ambo ya maji, kisiwani, iko hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ile ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Makadara, na katikati pana feri. Mwongozo huu ni wako wewe unayesimama mbele ya mtoto huyo, uwe muuguzi, afisa wa kliniki au daktari wa Likoni, Port Reitz au Kisauni. Ni wako pia mzazi unayetaka kuelewa kwa nini mwanao amewekewa mrija huu na si ule. Hoja yake ni moja: anza mapema, kwa msaada mpole kuliko yote inayoweza kumtosha mtoto, na usichague wowote usio na jicho la kuukesha hadi asubuhi. Mwongozo wa kitaifa uliobandikwa ukutani utakupa vipimo na dozi. Hapa tunazungumzia namna ya kuamua.

Uamuzi huo una uzito. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulikuta kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini Kenya, 22 hufa kabla ya kutimiza mwezi. Ule wa 2022 ulikuta 21. Katika miaka hiyohiyo vifo vya watoto wote walio chini ya miaka 5 vilishuka kutoka 52 hadi 41. Chanjo na chandarua humfaa zaidi aliyekwisha kuvuka mwezi wa kwanza. Wa siku ya kwanza anahitaji joto, maziwa, ulinzi dhidi ya maambukizi, na mtu anayejua la kufanya anapohema.

Jua kwanza mapafu yanataka nini

Kuguna kule ndiko kunakokupa jibu la kwanza. Mapafu ya mtoto ambaye hajatimiza miezi yana upungufu wa safaktanti, ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa kushikamana. Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha mwaka 1959 kwamba upungufu huo ndio chanzo cha ugonjwa uliokuwa ukiwaua watoto hawa bila maelezo. Utelezi ukikosekana, kifuko kikishatoa hewa hujikunja na kugandana kama kurasa za daftari lililolowa, na pumzi inayofuata inakuwa kazi ya kuzibandua upya. Basi mtoto anabuni hila: anapotoa hewa anakaza koo ili isitoke yote, na ile inayobaki inavizuia vifuko kufunga. Sauti ya hila hiyo ndiyo unayoisikia. Mtoto anakuonyesha kwa mwili wake kwamba anahitaji shinikizo dogo lisilokatika ndani ya mapafu, na kwamba amelitafuta mwenyewe hadi anakaribia kuishiwa nguvu.

Historia imelithibitisha hilo kwa njia chungu. Agosti 1963, Patrick, mwana wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alizaliwa zaidi ya wiki 5 kabla ya wakati, akiwa na kilo 2 na ushei. Alipelekwa Boston, akatiwa ndani ya chumba chenye oksijeni ya mgandamizo mkubwa, na baada ya saa 39 hivi akafariki. Hakukosa fedha, madaktari wala oksijeni. Alichokosa ni shinikizo la kushikilia vifuko vya hewa kwa ndani, na hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa na njia salama ya kumpa. Mwaka 1971 George Gregory na wenzake wa San Francisco walichapisha taarifa ya watoto 20 waliokuwa mahututi kwa ugonjwa huohuo, waliosaidiwa kwa shinikizo endelevu, na 16 kati yao walipona. CPAP iliyo katika nasari zetu leo ni mjukuu wa kazi hiyo: hewa inapita puani, na mwisho wa mrija wa kutolea umezamishwa ndani ya chupa ya maji. Mrija ukizama sentimita 6, shinikizo ni la sentimita 6 za maji.

Hata hivyo si kila anayehema ana shida hiyo, na hapa ndipo makosa mengi ya kuchagua huanzia. Mtoto aliyetimiza miezi, akazaliwa kwa upasuaji na anapumua mbio bila mbavu kubonyea sana, mara nyingi ana maji ya mapafuni yaliyochelewa kukauka. Oksijeni kidogo na subira ya siku moja au mbili humtosha. Aliyevuta kinyesi cha tumboni anaweza kunasa hewa kifuani, kwa hiyo shinikizo linaweza kumfaa au kumpasua pafu. Mwangalie kwa karibu zaidi. Mwenye maambukizi anahitaji antibiotiki bila kuchelewa, maana hakuna mrija unaoua bakteria. Asiyepumua mwenyewe baada ya uchungu mgumu hahitaji CPAP. CPAP hushikilia mapafu ya anayepumua, haimpumulii asiyepumua. Huyo ni wa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, tena kwa hewa ya kawaida kama ametimiza miezi. Na yule ambaye tumbo limebonyea kama mtumbwi, na mapigo ya moyo yanasikika upande wa kulia, huenda matumbo yake yamepanda kifuani kupitia kiwambo chenye tundu. Ukimpa CPAP au mfuko na barakoa, utayajaza hewa matumbo hayo na kulibana pafu. Mpitishie mrija wa tumboni, na upige simu ya rufaa papo hapo.

Pima, andika, pima tena

Jicho bila namba hudanganyika, hasa saa tisa za usiku. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, kwa saa yenye mshale wa sekunde. Mtoto mchanga hupumua kwa vipindi, anakimbia, anatua, anakimbia tena. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, huenda umekamata mbio peke yake au mtuo peke yake. Kisha tumia alama za Silverman na Andersen, zinazotumika tangu 1956. Ni mambo matano, kila moja likipewa 0, 1 au 2: je, kifua cha juu kinapanda pamoja na tumbo, mbavu za chini zinabonyea kiasi gani, ncha ya chini ya mfupa wa kifua inaingia ndani, pua zinatanuka, na anaguna? Mtoto wetu wa Likoni kifua chake kinachelewa nyuma ya tumbo, 1. Mbavu zinabonyea kiasi, 1. Ncha ya mfupa inaingia kidogo, 1. Pua zinatanuka kidogo, 1. Na mguno unasikika bila stetoskopu, 2. Jumla 6. Kuanzia 4 ni wakati wa CPAP kwa mtoto wa uzito wake anayepumua mwenyewe. Kuanzia 7, nguvu zake zinaelekea kuisha. Thamani ya alama hizi haiko katika namba ya kwanza, iko katika ya pili: 6 iliyokuwa 8 saa moja iliyopita ni habari njema, na 6 iliyokuwa 4 ni kengele.

Namba nyingine ni kiwango cha oksijeni kwenye damu, kinachopimwa kwa kifaa cha mwanga kilichofungwa mkono wa kulia au mguu. Mtoto wa kabla ya siku zake akiwa kwenye oksijeni, mweke kati ya 90 na 95 kwa mia. Pande zote mbili zina gharama. Majaribio makubwa yaliyolinganisha kiwango cha 85 hadi 89 na cha 91 hadi 95, yaliyofanywa Marekani, Canada, Uingereza, Australia na New Zealand, yalionyesha kwamba wa kiwango cha chini walikufa zaidi, na wa kiwango cha juu waliharibika macho zaidi. Stevie Wonder, aliyezaliwa 1950 kabla ya wakati, alipoteza uwezo wa kuona hivyo, zama ambazo watoto hawa walimiminiwa oksijeni kwa nia njema. Kwa hiyo kifaa kikisoma 99 na mtoto yuko kwenye oksijeni, usishangilie, punguza. Anayesoma 99 kwa hewa ya kawaida hana tatizo.

Ngazi tatu na kile ambacho kila moja inamdai mlinzi wake

Ngazi ya kwanza ni oksijeni ya puani, nusu lita kwa dakika, ikihitajika hadi lita moja. Inafaa kwa mtoto anayepumua vizuri kiasi, alama zake ziko chini ya 4, na shida yake ni kiwango cha damu kilicho chini ya 90. Inadai machache: mirija iliyokaa vizuri, kipimo kila baada ya saa chache, na chanzo cha oksijeni kisichokatika. Konsentreta huzima stima inapopotea, kwa hiyo mtungi wa akiba uliojaa, wenye kifungulio chake kikiwa kimefungwa tayari, ni sehemu ya ngazi hii na si anasa.

Ngazi ya pili ni CPAP ya mapovu, na ndiyo inayostahili nafasi kubwa kuliko zote katika hospitali za bara ya Mombasa. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya 2022, linataka mtoto wa kabla ya siku zake mwenye dalili za mapafu machanga aanzishwe CPAP mara dalili zinapoonekana. Kusubiri hadi achoke ni kuitumia kama kamba ya kumtoa kisimani badala ya ukuta wa kumzuia asitumbukie. Lakini CPAP hudai mengi kuliko inavyoonekana. Kila saa sogea karibu uanzie kwenye chupa. Mapovu yakikoma, shinikizo limekoma: mdomo uko wazi, mirija ni midogo kwa pua, au kiungo kimeachia. Mapovu yakichemka kama sufuria ya uji, mtiririko umezidi. Tazama kina cha mrija majini, kati ya sentimita 5 na 8. Panda hadi puani: mirija isiusukume ukuta wa katikati, maana ngozi ile huchubuka ndani ya saa chache na inaweza kukatika kabisa, pawe na mwanya mdogo unaoonekana. Shuka tumboni: likivimba, fungua mrija wa tumboni utoe hewa. Maliza na joto, nyuzi 36.5 hadi 37.5. Usidanganywe na joto la Mombasa. Mtoto wa gramu 1,400 hupoa hata unapotokwa jasho wewe, na akipoa hutumia oksijeni zaidi kujipasha moto.

Seti za kujitengenezea zinahitaji neno la peke yake. Kukata mirija na kuizamisha ndani ya chupa ya maji kunaweza kuokoa maisha, lakini kama chanzo pekee ni mtungi, mtoto anapata oksijeni tupu isiyochanganywa na hewa, na mtungi unaisha upesi. Tafuta seti inayochanganya hewa na oksijeni. Ukiwa huna budi kutumia hiyo nyingine, itumie kama daraja la kumfikisha mtoto rufaa, si kama makazi ya siku nne. Kumbuka pia kafeini: mtoto wa kabla ya siku zake anayesita kupumua kwa sekunde 20 mara kwa mara huenda anahitaji dawa hiyo ya kuamsha ubongo kabla hujasema CPAP imeshindwa.

Ngazi ya tatu ni ventileta, mashine inayompumulia mtoto kupitia mrija ulioingizwa kooni. Kuna watoto ambao bila hiyo hawaponi: anayesita kupumua licha ya CPAP na kafeini, au anayebaki chini ya 90 ingawa shinikizo limefika 8 na oksijeni imepita sehemu 60 kwa mia. Lakini ventileta inadai muuguzi mmoja kwa mtoto mmoja au wawili, eksirei ya karibu, vipimo vya gesi za damu, mashine ya kufyonza makohozi, na mtu wa kuurudisha mrija ukichomoka saa nane za usiku. Palipokosekana hayo, mrija huziba, hewa hupasua mapafu, na maambukizi hupanda kwa njia ileile iliyokusudiwa kuokoa.

Malawi inatufundisha nini

Ushahidi ulio karibu nasi umetoka Malawi, na unashangaza kwa sababu mashine ya namna moja imetoa majibu mawili. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, utafiti wa watoto wachanga 87 uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba kati ya waliopewa CPAP ya mapovu asilimia 71 walipona, na kati ya waliopewa oksijeni ya puani peke yake asilimia 44. Kwa wenye mapafu machanga tofauti ilikuwa kubwa zaidi: 64.6 dhidi ya 23.5. Malawi ikaipeleka CPAP katika hospitali za wilaya, na waliopona miongoni mwa wenye mapafu machanga waliotibiwa kwa CPAP walipanda kutoka asilimia 39.8 hadi 48.3. Ni maendeleo, ila si ya Blantyre, na waliopoa mwili walifanya vibaya zaidi. Kisha ukaja utafiti wa hospitali ya wilaya ya Salima, uliochapishwa 2019. Watoto 644 wa mwezi 1 hadi miezi 59 wenye homa kali ya mapafu na hatari nyingine, kama utapiamlo mkali au VVU, waligawanywa kwa kura: nusu CPAP, nusu oksijeni ya kawaida. Waliopewa CPAP walikufa asilimia 17, wenzao asilimia 11, na utafiti ukasitishwa kabla ya wakati.

Msomaji wa haraka atasema matokeo haya yanapingana. Yakisomwa pamoja yanasema jambo moja. Kwanza, mapafu hayakuwa ya aina moja: mtoto mchanga wa Blantyre alikosa utelezi, na shinikizo lilijaza pengo hilo hasa; mtoto wa Salima alikuwa na mapafu yaliyojaa usaha ndani ya mwili uliodhoofika. Kwa hiyo usiichukue CPAP ya nasari ukaipeleka wodi ya watoto wakubwa kwa kudhani ni dawa ya kila anayehema. Pili, Salima hapakuwa na daktari wa kupita kila siku. Mashine ilifika mahali ambapo jicho halikuongezeka. Hali hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na zamu zetu za usiku kuliko ile ya hospitali ya kufundishia ya Blantyre. Kwa hiyo unapoamua, hesabu watoto na hesabu wauguzi kabla ya kuhesabu mashine. Ukiwa na seti tatu za CPAP na muuguzi anayeweza kumkagua mtoto mmoja tu kila saa, una nafasi moja ya CPAP usiku huo, si tatu.

Pingamizi zinazostahili jibu

Pingamizi la kwanza ni la haki: mbona watoto wa Likoni waridhike na chupa ya maji, ilhali wa hospitali za kulipia wana ventileta? Jibu ni kwamba hata penye kila kitu, CPAP huanza kwanza. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, wa watoto 610 waliozaliwa kati ya wiki 25 na 28, uliwaanzisha nusu kwa CPAP na nusu kwa mrija na ventileta tangu dakika za mwanzo. Ventileta haikutoa faida katika vifo, na kati ya walioanzishiwa CPAP asilimia 46 tu ndio walioishia kuwekewa mrija. Upande wa pili nao usemwe: hewa ilivuja nje ya mapafu kwa asilimia 9 ya waliopewa CPAP, dhidi ya asilimia 3 ya wenzao. CPAP ni pole, lakini si maji ya kunywa. Dai la haki ambalo wakazi wa bara wanaweza kulipeleka kaunti ni wauguzi wa kutosha katika nasari za Likoni na Port Reitz, kafeini isiyokatika, na oksijeni yenye akiba. Ventileta isiyo na wauguzi itaishia kwenye picha ya uzinduzi.

Pingamizi la pili linasema kinyume: kama hakuna ventileta nyuma yake, kuanzisha CPAP ni kumpandisha mtoto ngazi isiyo na paa, heri apelekwe Makadara moja kwa moja. Lakini mtoto aliyeachwa bila shinikizo kwa kusubiri gari huvifunga vifuko vyake kimoja kimoja, na kuvifungua tena ni kazi ngumu kuliko kuvizuia visifunge. Anza CPAP, kisha piga simu. Ukisubiri gari kwanza, unamtuma mtoto safarini akiwa katika hali mbaya kuliko ile uliyomkuta nayo.

La tatu hutoka kwa wazazi, na mara nyingi halisemwi mbele ya daktari: mtoto akishatiwa oksijeni, huyo si wa kurudi. Imani hiyo haikuzuka hewani. Pale ambapo oksijeni hutolewa mtu akiwa amekwisha zidiwa, wengi wa wanaoonekana nayo hufa kweli, na mrija ndio unaobeba lawama ya ucheleweshaji. Dawa yake si kumkaripia mama. Mwonyeshe namba kabla na baada, mwambie mirija imewekwa mapema ili asifike huko, na mweke mtoto kifuani pake. Utafiti wa 2021 wa watoto 3,211 wa kati ya kilo 1 na 1.8, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulikuta kwamba kuanza matunzo ya kangaruu mara baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri mtoto atulie, kulipunguza vifo kutoka asilimia 15.7 hadi 12. Mtoto mwenye CPAP anaweza kukaa kifuani akiangaliwa vizuri. Mama huyo pia ni jicho: mfundishe kumwita muuguzi mapovu yakikoma au rangi ikibadilika. Ila jukumu lisihamie kwake. Naye amejifungua jana na ana haki ya kulala.

Safari huchaguliwa kabla ya gari kufika

Bara ya Mombasa ina milango mitatu ya kuingia kisiwani: Changamwe ina Makupa, Kisauni ina daraja la Nyali, Likoni ina feri. Barabara ya Dongo Kundu sasa inaunganisha upande wa Kwale na Miritini bila kuvuka maji kwa chombo, ila ni mzunguko mrefu kwa anayekwenda Makadara. Kila mlango una saa zake mbaya, nawe unayefanya kazi hapo unazijua kuliko kitabu chochote. Safari nzuri kuliko zote ni ile ya mtoto ambaye hajazaliwa: mama mwenye uchungu wa wiki ya 30, akiwa bado na muda, na asafiri yeye, maana hakuna gari lenye joto na oksijeni kama tumbo lake. Kabla hajaondoka, fikiria deksamethasoni ya kuyakomaza mapafu, kama wiki za mimba zinajulikana kwa uhakika na mama hana dalili za maambukizi. Utafiti wa 2020 ulioihusisha Kenya pamoja na Bangladesh, India, Nigeria na Pakistan ulikuta dawa hiyo ikipunguza vifo vya wachanga kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Sindano hiyo ya bei nafuu ni msaada wa kupumua pia, tena wa kwanza.

Akiwa amekwisha zaliwa, fanya hesabu ya mtungi kwa kalamu. Mtungi wa kubebeka wenye lita 680, ukiupa mrija wa puani nusu lita kwa dakika, unadumu zaidi ya saa 22. Ukiulisha CPAP lita 5 kwa dakika, unadumu dakika 136, na kama ulikuwa nusu tu, dakika 68. Weka hapo foleni ya magari kuelekea feri, kivuko chenyewe, na mwendo wa kisiwani, kisha zidisha mara mbili. Mfuko na barakoa ya saizi yake viwe mkononi mwa mtu anayejua kuvitumia, si ndani ya sanduku. Sukari ipimwe, kofia ivalishwe, mtoto afungwe kifuani kwa mama au mtu mzima mwingine kama hali inaruhusu, na simu ipigwe kwanza kujua kama kitanda kipo. Safari ya kwenda kugonga mlango uliojaa humrudisha mtoto barabarani na mtungi mtupu.

Basi turudi kwa mtoto wa gramu 1,400. Alama 6, anapumua mwenyewe, tumbo halijabonyea: mpe CPAP sasa hivi, shinikizo la sentimita 6, kafeini, antibiotiki kama kuna shaka ya maambukizi, joto, kifua cha mama. Kisha, kabla hujageukia wale 11, andika mistari mitatu kwenye kadi yake kwa wino unaosomeka: nani atampima saa tano na saa sita, namba gani itakayomaanisha anapona, na namba gani itakayomaanisha simu ipigwe Makadara bila kumsubiri mkubwa wa zamu. Ukikuta huwezi kuujaza mstari wa kwanza kwa jina la mtu, tatizo la mtoto huyo usiku huu si mashine. Amsha mtu mwingine.